Bwana Shamba Anasema: Muziki wa Harusi na Ghala la Chakula

Mavuno yakiisha, hapa Nduguti harusi huanza. Mtama umo ghalani, alizeti imeuzwa, njia zinapitika. Ni jambo jema, na harusi bila muziki haichangamki. Lakini muziki huchaguliwa kwa akili, kama mbegu.

Kwanza, hesabu chakula. Mtu akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, watu sita hula kilo 3. Kwa mwaka mzima ni kilo 1,095. Hayo ni karibu magunia 11 ya kilo 100. Magunia hayo usiyaguse. Muziki ulipwe kwa fedha ya ziada: alizeti, vitunguu au kuku. Anayeuza chakula chake mwezi wa saba, hukinunua mwezi wa pili kwa bei kubwa. Wageni wamekwisha sahau nyimbo, na watoto wake wanalia njaa.

Pili, chagua chombo kwa kazi yake.

Ngoma husikika mbali. Inafaa uwanjani, watu wengi wakicheza. Haihitaji mafuta wala umeme.

Zeze lina sauti ya upole. Linafaa wazee wakiwa wameketi, bibi na bwana harusi wakipewa mausia. Marimba ya mkono ni hivyo hivyo. Usividharau vyombo hivi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa jirani wa Dodoma, alivipiga katika nchi nyingi za dunia mpaka alipofariki mwaka 2003.

Spika na jenereta huchangamsha vijana. Lakini mafuta yakiisha, muziki umekwisha. Vijaribiwe kabla ya siku yenyewe. Spika zisiwe karibu na wazee na watoto wachanga, maana kelele nyingi huharibu masikio. Kama ngoma itakesha, pata kwanza kibali cha serikali ya kijiji.

Harusi ya kanisani ina kwaya. Harusi ya Kiislamu ina dufu na kaswida. Waulize viongozi wa dini mapema.

Tatu, tunza ngoma zenu. Ngozi ikipata unyevu hulegea, na sauti hufa. Iote moto kidogo kabla ya kupigwa, lakini isikaribie mno, itapasuka. Baada ya harusi itundikeni mahali pakavu, mbali na panya na mchwa. Mkikata mti wa kuchonga ngoma, pateni ruhusa, kisha pandeni mingine.

Nne, andika mapatano. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Usikubali maneno matupu. Andika siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, bei, na fedha uliyotanguliza. Andika pia nani atanunua mafuta na nani atawalisha wapigaji. Tieni sahihi wote wawili mbele ya shahidi. Kila mmoja abaki na nakala. Karatasi moja huzuia ugomvi mwingi.

Ndugu msomaji, harusi ni siku moja. Ndoa ni miaka. Bibi na bwana harusi waanze maisha yao wakiwa na chakula, wasianze na deni.

Jadilianeni:
1. Nyumba yako ina watu wangapi? Inahitaji magunia mangapi kwa mwaka?
2. Kijijini kwenu nani anajua kupiga zeze? Nani anajifunza kwake?
3. Mapatano ya muziki yaandikwe mambo gani?