Kip Keino Classic: Kenya wana siku yao, Bongo tuna barabara tu

IBIGHI, TUKUYU. Utaje mwaka 1986 mbele ya watu wazima wa hapa, huhitaji kumalizia sentensi. Wanajua unaiongelea Tukuyu Stars, Banyambala, timu iliyopanda ligi kuu na kubeba ubingwa msimu huohuo. Stori hiyo inasimuliwa mpaka leo, na sababu moja ya kusimuliwa ni kwamba haikujirudia. Soka la Rungwe limeishi miaka yote hii kwa kumbukumbu ya msimu mmoja.

Leo shabiki wa mpira naomba univumilie, kwa sababu nataka kuongelea riadha, na hasa shindano moja ambalo nguvu yake yote ipo kwenye kujirudia. Linaitwa Kip Keino Classic. Linafanyika Nairobi kila mwaka tangu 2020, kwa siku moja tu, na ndani ya muda huo mfupi limeifanya Kenya ijulikane kwa kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: mbio za mita 100.

Tuanze na siku yenyewe. Jumamosi ya Septemba 18, 2021, Kasarani. Kwenye mstari wa kuanzia yupo Trayvon Bromell wa Marekani, yupo Justin Gatlin, bingwa wa Olimpiki wa 2004, na yupo Ferdinand Omanyala, Mkenya aliyewahi kucheza raga kabla hajaingia kwenye riadha. Bromell akashinda kwa sekunde 9.76. Lakini uwanja haukulipuka kwa ajili ya Bromell. Ulilipuka kwa sababu Omanyala alikuja nyuma yake kwa 9.77, rekodi mpya ya Afrika, akiifuta ile ya 9.84 ya Akani Simbine wa Afrika Kusini iliyokuwa na miezi miwili tu. Gatlin aliachwa wa tatu.

Sasa jiulize, bila shindano lile kuwepo nyumbani, Omanyala angekutana lini na wanaume wa aina hiyo mbele ya watu wake? Kenya inazalisha wakimbiaji wa mbio ndefu kama Brazil inavyozalisha mawinga. Wa mbio fupi alikuwa anaonekana kama kipa anayetaka kupiga penalti. Mwaka uliofuata, Mei 7, 2022, akamchapa Mmarekani Fred Kerley palepale Kasarani kwa 9.85. Siku hiyohiyo Shelly-Ann Fraser-Pryce, mama wa Jamaika mwenye medali hata za kugawa, akakimbia 10.67. Miezi michache baadaye Omanyala akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Mei 2023 akarudi Kasarani na kushinda kwa 9.84.

Kwa asiyefuatilia riadha, kuna kitu cha kuelewa hapa. Mashindano haya si ubingwa. Hakuna timu za taifa, hakuna jedwali la medali. Waandaaji wanaalika wanariadha, wanawalipa wengine ili waje, wanaweka zawadi kwa washindi, na kwenye mbio ndefu wanaweka hata watu wa kuongoza kasi mizunguko ya mwanzo ili muda uwe mzuri. Ukitaka kulinganisha na kwetu, ni kama mechi ya kirafiki ya kimataifa, ila hii ina pointi. Shirikisho la dunia lina viwango vyake vya ubora kama vile vya FIFA, tofauti ni kwamba vya riadha vinamhesabu mtu mmoja mmoja, na pointi zinapatikana kwenye mashindano yanayotambuliwa. Karibu nusu ya nafasi za Olimpiki sasa zinagawiwa kwa viwango hivyo. Asiyekimbia mashindano yanayotambuliwa hana pointi, na kama hana pointi inabidi afikishe muda wa kufuzu, ambao ni mkali kwelikweli.

Mfumo wenyewe unaitwa Continental Tour, ulianza 2020, na upo chini ya Diamond League. Una madaraja: dhahabu, fedha, shaba. Kip Keino Classic iliingia moja kwa moja daraja la dhahabu. Toleo la kwanza lilipangwa Mei 2020, corona ikalisogeza, hatimaye likafanyika Oktoba 3 kwenye Uwanja wa Nyayo, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zimefunga viwanja. Waandaaji wengine wangeahirisha hadi mwaka wa pili yake na hakuna ambaye angewalaumu. Wakenya waligoma kuliacha lipite, na nadhani uamuzi ule ndio uliolifanya shindano likaaminika.

Tena Nairobi haikuanzia sifuri. Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nyayo ukapokea ubingwa wa riadha wa Afrika 2010. Kasarani tena ukapokea ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 18 mwaka 2017, na wa chini ya miaka 20 Agosti 2021, mwezi mmoja tu kabla ya ile 9.77 ya Omanyala. Kwa hiyo waamuzi walikuwepo, mashine za muda zilikuwepo, na watu wa kujitolea walishajifunza kazi. Kip Keino Classic limesimama juu ya msingi huo.

Hapa ndipo Mtanzania inabidi akae vizuri kwenye kiti.

Kipchoge Keino, mzee ambaye shindano limepewa jina lake, ni dhahabu ya mita 1500 Mexico City 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3000 Munich 1972, na rekodi za dunia mbili mwaka 1965. Hakuna wa kumbishia. Lakini Januari 1973 kule Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, Keino alipigwa mita 1500. Aliyempiga alikuwa kijana wa Kitanzania, Filbert Bayi. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2, 1974, Bayi akaongoza fainali ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch toka mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3:32.16. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepe na hakumpata. Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3:51.0. Na rekodi hiyo ya maili hakuivunja kwenye Olimpiki wala ubingwa wowote. Aliivunja kwenye shindano la mwaliko, jamii ileile ya Kip Keino Classic.

Kwa hiyo aliyepigwa ana shindano la kimataifa kila mwaka kwa jina lake. Aliyempiga hana. Simlaumu Keino kwa hilo, wala Wakenya. Nasema tu kwamba nikikaa na matokeo ya Lagos 1973 mezani, sielewi imekuwaje.

Na usiniambie hatuna watu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya ubingwa wa dunia wa riadha. Alimaliza kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Fainali ya mita 100 ya wanaume kwenye mashindano hayohayo iliamuliwa kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Yaani mtu kakimbia kilomita 42 barabarani, kaingia uwanjani, halafu kashinda kwa spidi ya mita za mwisho juu ya tartani. Kabla ya hapo, Aprili 2025, alikuwa wa pili Boston. Gabriel Geay naye alikuwa wa pili Boston 2023. Magdalena Shauri akawa wa tatu Berlin mwaka huohuo.

Ukiyaangalia vizuri majina hayo, wote ni wa marathoni. Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania ilipeleka wanariadha wanne: Simbu, Geay, Magdalena na Jackline Sakilu. Wote wanne marathoni. Kwenye tartani ya Paris, kuanzia mita 100 hadi 10,000, hakukuwa na Mtanzania hata mmoja. Nchi ya Bayi. Nchi ya Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000 Moscow 1980, siku ambazo Bayi naye alichukua fedha ya viunzi na maji.

Mimi sioni hili kama bahati mbaya. Tazama mashindano tuliyonayo. Kilimanjaro Marathon ipo tangu 2003 na inavuta wageni kutoka kila kona ya dunia. Hapa Mbeya tuna Tulia Marathon. Kila mkoa siku hizi una marathoni yake, na fulana, na medali ya ushiriki, na picha za kuposti. Ni biashara nzuri na siipingi, kwa sababu anayelipa ni mkimbiaji mwenyewe, maelfu ya watu wakilipia kiingilio. Shindano la uwanjani ni kinyume chake. Mkimbiaji ndiye analipwa, anayelipia ni shabiki na mdhamini. Waandaaji wetu wamechagua upande wenye hela ya haraka, na vijana wakafuata njia iliyo wazi. Kijana wa miaka 18 mwenye spidi ya mita 800 akikosa pa kuionyesha, anahamia kilomita 10 za barabarani, baadaye nusu marathoni. Anaingia barabarani mapema kabla hajaimaliza spidi yake.

Sasa turudi kwenye mpira, kwa sababu mpira umo ndani ya ishu hii mpaka shingoni.

Kip Keino Classic limehamahama. Nyayo 2020, Kasarani 2021, 2022 na 2023, kisha Nyayo tena 2024, halafu Mei 31, 2025 likapelekwa Uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, uwanja wa jeshi. Kwa nini? Kwa sababu viwanja vikubwa vilikuwa kwenye ukarabati wa CHAN ya Agosti 2025 na maandalizi ya AFCON 2027, ile tunayoandaa pamoja Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi wa soka tulifurahi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nyuma ya furaha ile kulikuwa na shindano la daraja la dhahabu linalotafuta pa kukanyaga. Wakenya walifanya kilekile walichofanya wakati wa corona: badala ya kuruka mwaka, walihama uwanja.

Kwetu uwanja haukosekani. Benjamin Mkapa una tartani yake kuzunguka eneo la kuchezea. Wewe shabiki unaiona kila siku ya dabi ya Simba na Yanga, ndiyo ile sehemu wachezaji wa akiba wanapasha misuli na makamera yanapangwa. Umeshawahi kuingia uwanja ule ukaikuta inakimbiwa na mabingwa wa dunia? Viwanja vinavyojengwa na kukarabatiwa kuelekea 2027 vinahesabiwa kwa viti, taa, nyasi na vyumba vya kubadilishia nguo. Hayo ni masharti ya CAF, sawa. Ila AFCON ni mwezi mmoja, na zege litabaki hapo miaka hamsini.

Watasema hela. Daraja la dhahabu kweli ni mzigo, zawadi peke yake ni kuanzia dola 200,000, bila kuhesabu tiketi za ndege na hoteli. Lakini nani kasema tuanzie dhahabu? Daraja la shaba lilipangwa kuanzia dola 25,000 za zawadi. Kwa viwango vya usajili wa siku hizi hiyo si hela ya kumtikisa kigogo wa klabu kubwa Kariakoo. Kuna straika wanalipwa zaidi ya hiyo na wanamaliza msimu benchi.

Watasema pia watu hawatakuja. Hapa nakubali nusu. Mtanzania haendi uwanjani kutazama saa. Anakwenda kumtazama mtu wake akimshinda mtu wa kwao. Kenya walilielewa hili mapema, ndiyo maana Omanyala aliwekwa mbele kila mwaka, mabango yake, mbio yake, Wamarekani wakaletwa kumkabili. Sisi mtu tunaye sasa hivi. Simbu ni bingwa wa dunia na ni mtu wa marathoni, lakini nani kakataza kumwekea mita 10,000 Mkapa, Wakenya watatu na Waganda wawili pembeni yake?

Botswana ni nchi ya watu milioni mbili na nusu hivi. Wana shindano lao Gaborone, daraja la dhahabu. Wana Letsile Tebogo, dhahabu ya mita 200 Paris. Tokyo 2025 wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kutwaa ubingwa wa dunia wa kupokezana vijiti mita 400 mara nne kwa wanaume. Shindano peke yake halikuwaletea yote hayo, vipaji vilikuwepo kabla. Ila wenye vipaji walikuwa na pa kukimbilia nyumbani, mbele ya watu wao.

Hapa Ibighi tupo milimani, Mlima Rungwe juu yetu, na watoto wanapanda na kushuka hizi njia kila siku ya shule. Kwenye riadha ya UMITASHUMTA na UMISSETA wanakimbia pembeni ya uwanja wa mpira, mistari ikiwa imechorwa siku hiyohiyo, na mvua ya Tukuyu unaijua, jioni mistari haipo. Anayeshinda anakwenda wilaya, anakwenda mkoa, akibahatika anakwenda taifa. Akishinda taifa, ngazi inayofuata ni ndege, kwa maana ya kuchaguliwa kwenda mashindano ya nje. Kati ya uwanja wa shule na ndege hakuna kitu. Mwenzake wa Kenya kati ya hapo ana siku moja Nairobi, kila mwaka, ambayo anaweza kuingia kwenye njia ya pembeni, akamaliza wa saba, na akaondoka na muda unaotambuliwa na dunia nzima.