Jukwaa la watoto liachiwe watoto

Siku ya sherehe shuleni, mgeni rasmi huketi chini ya turubai na wanafunzi hujipanga safu mbili kughani ngonjera. Upande mmoja unauliza na kubisha, wa pili unajibu, mpaka wabishi wanasalimu amri. Makofi yanapigwa, ratiba inaendelea.

Ngonjera za namna hiyo, alizozipa nguvu mshairi Mathias Mnyampala, zilienea katika shule za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, zikibeba siasa ya ujamaa na kujitegemea. Zimewajengea watoto wengi ufasaha na ujasiri wa kusimama mbele za watu. Lakini maneno yalikuwa ya mwalimu, na mshindi wa mabishano alijulikana kabla mtoto hajafungua kinywa.

Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waligeuza utaratibu huo kwa mradi wa Tuseme. Wasichana wa sekondari waliulizwa wenyewe kinachowakwamisha masomoni. Wakataja mimba, usumbufu wa kingono, kazi za nyumbani zinazomeza muda wa kusoma; wakayatungia igizo na kuyacheza mbele ya walimu na wazazi. Igizo lilipokwisha, watazamaji hawakuondoka: mjadala ulianza, na hatua za kuchukua zikapangwa palepale. FAWE, shirika la elimu ya wasichana barani Afrika ambalo Mlama alikuja kuliongoza, likaueneza mradi huo katika nchi nyingine za Afrika.

Huo ndio ukumbi unaostahili kuitwa wa watoto, na bado unawatisha wakubwa. Aprili 2025 wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo la Kenya na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuuigiza. Polisi wakarusha mabomu ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Ni kweli mchezo uliandikwa na mwanasiasa, Cleophas Malala, na kuuliza wasichana walichangia nini ni halali kabisa. Swali hilo lingeulizwa baada ya mchezo, wasichana wakiwa jukwaani kulijibu.

Shule haihitaji fedha nyingi kufuata njia ya Tuseme. Inahitaji vipindi vichache kwa wiki, mwalimu anayeuliza kabla ya kuandika, na mgeni rasmi atakayebaki kitini igizo likiisha, ajibu maswali ya watoto.