BWANA SHAMBA ASEMA: Stesheni Isiyo na Treni



Hapa Kaisho hatuna reli. Kahawa yetu huondoka kwa lori. Lakini mwezi huu nataka kukueleza habari za stesheni moja iliyo mbali na kwetu. Ilijengwa Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, kwa ajili ya karanga.

Vita Kuu ya Pili vilikwisha mwaka 1945. Watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali yao ikataka kulima karanga nyingi katika Tanganyika, nchi iliyokuwa chini yake. Mwaka 1946 ilituma wataalamu 3 kutazama ardhi. Walizunguka kwa wiki 9 tu. Sehemu kubwa waliitazama kutoka kwenye ndege.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Reli ndogo ilijengwa kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, mpaka Kongwa. Matrekta yaliletwa. Mwaka ule wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000. Waliweza kupanda eka 7,500 hivi tu.

Kwa nini walishindwa? Vichaka vilikuwa na mizizi migumu, ikavunja majembe ya matrekta. Mvua ilikuwa haba. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Karanga zikakwama ardhini.

Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Mazao hayo huvumilia ukame. Basi jibu lilikuwa mashambani mwao, lakini wenye mpango hawakulifuata.

Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliacha mpango huo. Pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Reli ya Kongwa ikakosa mizigo. Treni ikaacha kuja. Stesheni ikabaki tupu.

Baadaye mahali hapo palipata kazi nyingine yenye heshima. Kuanzia mwaka 1964 nchi yetu iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika eneo la stesheni hiyo, wakapiga kambi. Walikuwapo watu wa Frelimo wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini na SWAPO wa Namibia. Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, alipita hapo. Baadhi ya wapiganaji walizikwa Kongwa. Na sehemu ya ardhi iliyotakiwa kwa karanga ikawa ranchi ya Taifa ya ng'ombe. Ng'ombe ndio waliofaa, kama Wagogo walivyojua tangu zamani.

Kwa nini nakueleza haya? Juzi alinijia mkulima mmoja wa hapa kwetu. Alitaka kung'oa kahawa yake yote apande miparachichi. Alikuwa amesikia kwamba bei ni nzuri. Nilimwuliza, "Ndugu yangu, umechimba shimo ukaona udongo wako? Mnunuzi wako ni nani? Watoto watakula nini mpaka miti izae?" Alinyamaza.

Parachichi ni zao zuri. Lakini hata mche uliobebeshwa huchukua miaka 3 hivi ndipo uanze kuzaa. Mtu aliyeng'oa kahawa yote atapata wapi fedha miaka hiyo?

Kabla ya kupanda zao jipya, fanya hivi:

1. Chimba shimo refu. Lijaze maji. Maji yakituama muda mrefu, mahali hapo hapafai miparachichi. Mizizi yake itaoza.

2. Waulize wazee habari za shamba hilo. Wao wanajua mahali panapokauka mapema na mahali panapojaa maji.

3. Mtafute mnunuzi kwanza. Usitegemee maneno ya kusikia.

4. Panda miche michache pembeni. Kahawa na migomba iache mahali pake. Tazama vuli na masika, kisha uamue.

Kumbuka jambo moja. Kiongozi wa wale wataalamu 3 aliwahi kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Alikuwa na elimu kubwa kuliko yangu. Kwa hiyo hata mimi bwana shamba nikikuletea zao jipya, usilipande shamba zima kwa sababu nimesema mimi. Nionyeshe shimo lako kwanza. Kuuliza si ujinga.

Yule mkulima amechimba mashimo 2. Moja lilikauka upesi. La pili lilikaa na maji siku nzima. Kahawa yake ingali imesimama.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini karanga hazikufaa Kongwa?
2. Wagogo walijua nini ambacho wataalamu hawakukizingatia?
3. Katika kijiji chako, ni zao gani lililoletwa kwa haraka likashindwa? Sababu ilikuwa nini?