Bati Lilitununisha Siku Nne

Mwezi huu nawapa kali ya nyumbani kwangu, hapa Columbus, Ohio. Mimi na mume wangu tulinuniana siku nne kwa sababu ya bati. Ndiyo, bati!

Baba mkwe, Mmarekani wa miaka 75, alikulia kwenye mchezo wa futiboli ya umeme. Siyo soka letu, ni ile futiboli yao ya kuvaa helmeti. Kiwanja chake ni bati lililopakwa rangi, chini yake kuna mota. Ukiwasha, bati linatetemeka na wachezaji wa plastiki wanaanza kukimbia wenyewe. Norman Sas wa kampuni ya Tudor, New York, ndiye aliyeutoa mwaka 1949. Wa baba mkwe uliliwa na kutu, na tangu mama mkwe afariki mzee amekuwa mkimya mno. Mume wangu akaamua kumtengenezea mwingine, futi nne kwa mbili.

Wazo zuri, ila hakuniuliza kitu. Akachota kwenye kibubu chetu cha tiketi za kwenda Tanga, akarudi na bati geji 16, zito hilo! Akafunga mota, akawasha. Weee! Mngurumo tu, wachezaji wamesimama kama wanasubiri daladala. Mota ndogo itatikisa wapi chuma cha namna ile? Akanunua jingine, geji 30. Hilo likabonyea katikati, kila mchezaji akawa anateleza kuelekea shimoni.

Jamani, mimi mtoto wa fundi bati! Nimekua nikimshikia baba mkasi wa bati pale Tanga. Najua namba ya geji ikipanda, unene unapungua. Lakini nilikaa kimya kwa hasira, namwangalia anavyohangaika. Nakiri, hapo roho mbaya ilikuwa yangu.

Siku ya nne usiku akanifuata jikoni. "Baba yako angechagua lipi?"

Miaka sita ya ndoa, hajawahi kuniuliza kuhusu kazi ya baba. Nililia, si mnanijua tena.

Kesho yake tukaenda wote dukani. Nikachagua chuma geji 24, unene kama milimita 0.6. Aluminiamu niliikataa, ni laini, ukiigonga kidogo imebonyea. Lililokatwa kwenye roli nalo nikaliacha, maana hubaki na mkunjo, na kwa mchezo huu mkunjo ni mlima. Nikalilaza bati sakafuni, nikabonyeza kona moja moja nione kama linacheza. Muuza duka alinitolea macho! Nyumbani tukapiga tupa kingo zote zisikate mtu, halafu tukaweka sponji kati ya bati na fremu badala ya kulikaza kwa skrubu pande zote. Ukilibana sana, halitetemeki sawasawa.

Jumapili tukampelekea mzee. Mchezaji wake mmoja akageuka, akakimbilia goli lake mwenyewe. Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa, machozi yanamtoka. Halafu akauliza nani alichagua bati, mume wangu akaninyooshea kidole. Tangu siku hiyo mzee ananiita "fundi".

Kibubu bado kitupu. Huo ugomvi wake tumeuahirisha mpaka mwisho wa mwezi.