Risasi moja, maana tatu: hatari ya neno lisilopimwa

Mji wa Eldoret unasifika duniani kwa wanariadha wake. Ni nadra utajwe kwa jambo jingine, kwamba ndiko kuliko na kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi. Kiwanda hicho kilijengwa katika miaka ya 1990 kwa utaalamu wa kampuni ya Kibelgiji ya FN Herstal, na shirika linalokisimamia, Kenya Ordnance Factories Corporation, likaundwa rasmi mwaka 1997. Yamesemwa mengi kuhusu siasa zake, nami sina nia ya kuyarudia. Hoja yangu ni ya mwalimu wa isimu: katika mji unaotengeneza risasi, neno lenyewe "risasi" bado halijulikani lina maana gani.

Kwa asili, risasi ni madini. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na maana hiyo ingali hai. Tunaposema kwamba wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na sumu ya risasi, hatusemi kwamba walipigwa bunduki, bali kwamba kiwanda cha kuyeyushia betri kilichafua mazingira yao. Maana ya pili ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kumpata mtu. Maana ya tatu ni kitu kizima kinachotiwa bundukini: ganda la shaba nyeupe au njano, fataki kitakoni, baruti ndani na kipande kile mdomoni. Vitu vitatu, jina moja.

Kuna atakayeuliza, je, hilo linamdhuru nani? Na tumtazame mtu anayejifunza kujaza upya maganda ya bastola. Kazi hiyo imezoeleka miongoni mwa walenga shabaha wa Marekani na Ulaya. Hapa kwetu silaha na risasi zinatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye nia ya kazi hiyo hana budi kuanzia kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kununua hata msumari. Lakini tuchukulie kwamba kibali anacho. Swali la kwanza litakalomkabili ni: achague kalibu zipi?

Kwa bastola, aghalabu kalibu huuzwa tatu kwa pamoja. Ya kwanza hulibana ganda lililotanuka kwa mlipuko na kulirudisha katika kipimo chake, huku ikiisukuma nje fataki iliyokwisha kutumika. Ya pili huupanua mdomo wa ganda kidogo. Ya tatu huketisha kipande mahali pake, na mara nyingi huubana mdomo pia. Kwa anayeanza, ushauri wa mafundi ni kwamba kalibu ya kwanza iwe na pete ya kabidi ya tungsteni. Ni ghali kuliko ya chuma cha pua, lakini maganda ya bastola yaliyonyooka hupita humo bila kupakwa mafuta, ilhali kwa kalibu ya chuma ganda lisilopakwa hukwama.

Uamuzi mzito zaidi ni wa kubana mdomo. Ganda la milimita 9 hujizuia ndani ya bastola kwa ncha ya mdomo wake. Likikunjwa kuelekea ndani, hukosa pa kujizuia. Kwa hiyo lahitaji kalibu inayobana kidogo tu bila kukunja. Ganda la bastola ya .38 Special hujizuia kwa ukingo wa kitako, basi mdomo wake waweza kukunjwa na kushika mfuo uliochongwa katika kipande. Anayechagua kalibu kwa bei, asijue tofauti hii, anacheza na macho na vidole vyake.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mkufunzi anamwambia mwanafunzi: "Pima risasi kwanza, ndipo usome jedwali la baruti." Apime nini? Kipande cha kawaida cha milimita 9 kina uzito wa gramu 7.5 hivi, risasi nzima ya aina hiyo hukaribia gramu 12. Au amwambie: "Isukume risasi ndani zaidi." Kipande kikizama mno gandani, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda hata bastola ikaweza kupasuka mkononi.

Nayo mahakama je? Shahidi anaposema "aliokota risasi", ameokota ganda tupu, kipande kilichobondeka, au risasi nzima iliyo tayari kufyatuliwa? Kumiliki hii ya mwisho bila cheti ni kosa. Uhuru wa mtu waweza kuning'inia katika nomino moja, na mkalimani asiyeuliza huamua kesi kabla ya hakimu.

Wapo wanaosema dawa ni kukopa Kiingereza. Tukope tunapokosa, lakini hapa hatujakosa. Tukilitohoa jina la Kiingereza la kalibu tutapata "dai", neno ambalo tayari lina kazi yake mahakamani! Kalibu tunayo tangu kale, pamoja na kitenzi chake kusubu. Ganda, fataki na baruti tunazo. Tena kamusi za kale zinatupa "kiasi cha bunduki" kwa maana ya risasi nzima, jina zuri kwa kitu ambacho usalama wake wote umo katika vipimo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi Polisi, Mahakama na Bodi ya Leseni ziketi na wanalugha, ziandike orodha fupi: kiasi kwa kitu kizima, risasi kwa kipande kinachoruka, ganda kwa kinachobaki. Orodha hiyo iingie katika vyeti, katika mafunzo na katika vitabu vya wakalimani. Fundi hakubali kalibu iliyolegea kwa unywele mmoja. Nasi tusiwakubalie wanaotuandikia sheria na kututafsiria ushahidi walegee kwa neno.