Mgonjwa wa Kiharusi Hadeki

Jioni moja, katika nyumba iliyo jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, nilimkuta mwalimu mstaafu aliyepooza upande wa kushoto akiomba shuka iondolewe mkononi mwake. Alisema inamwunguza. Binti yake akacheka kwa uchovu: mkono uliokufa utaunguaje?

Ndugu wasomaji, mkono ule haukuwa na jeraha. Jeraha lilikuwa ubongoni. Maumivu ya namna hiyo yalielezwa na madaktari Dejerine na Roussy wa Ufaransa tangu mwaka 1906, nayo huweza kuanza miezi kadhaa baada ya kiharusi, wakati jamaa wanadhani shari imekwisha pita. Wala si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wa kiharusi zaidi ya 315 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Wilayani Hai walikuwa 108.

Tufanyalo ni kumtuma kijana Kariakoo akanunue diklofenaki. Dawa hiyo ni ya uvimbe na maungo. Moto utokao ubongoni hauzimi, na huweza kupandisha shinikizo la damu, lile lile ambalo mara nyingi ndilo lililomwangusha mgonjwa.

Dawa iliyopata kupimwa ni ya zamani na ya bei nafuu. Mwaka 1989 Leijon na Boivie wa Sweden waliwapa wagonjwa 15 amitriptilini, nayo ikatuliza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa. Lakini amitriptilini hutibu pia ugonjwa wa huzuni, na mzee akisomewa hivyo huitupa: yeye si mwendawazimu! Simlaumu. Kweli dawa hii husinzisha, hukausha kinywa, na haimfai kila mwenye ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana huanzwa kidogo kidogo, usiku, kwa amri ya daktari.

Bega nalo lina habari yake. Mkono uliopooza ukining'inia, au ukivutwa wakati wa kumwinua mgonjwa, bega huuma. Hapo panatakiwa mto wa kuuegemeza, mazoezi, na pengine parasetamoli.

Basi anayempeleka mzazi wake kupimwa shinikizo la damu amweleze daktari pia kama mkono unaunguza, au kama bega linauma likisogezwa. Naye daktari anayeandika amitriptilini hana budi kueleza sababu yake pale pale, kabla mgonjwa hajafika nyumbani na kusomewa karatasi ya dawa.