Kumkosoa Mwanagenzi wa Katuni si Kumvunja Moyo

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mwalimu anayeletewa kazi ya kwanza ya mwanafunzi, hasa kazi iliyokusudiwa kuchekesha.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu alinionyesha katuni ya dakika mbili aliyoitengeneza kwa tarakilishi. Katika kisa hicho, utingo wa matatu anamtoza bibi kizee nauli ya jogoo wake. Gari linapojaa, utingo anamtaka ampakate jogoo ili abiria mwingine aketi. Bibi anajibu: "Huyu amelipa, kwa hivyo sitampakata, na wewe mwenyewe ndiwe uliyepokea pesa."

Niliitazama mbele ya wenzake, nikatamka: "Haichekeshi." Hakuniletea nyingine.

Je, ningemsifu tu? La, hasha! Sifa za uongo humwacha mwanagenzi gizani. Kosa langu ni kwamba nilitoa hukumu bila kuonyesha kasoro, ilhali kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Kichekesho kilikamilika katika maneno mawili: "Huyu amelipa." Yaliyofuata yalikuwa makapi. Ningemshauri ayafute, amwache bibi kimya kwa nusu sekunde, kisha jogoo awike. Ushauri huo angeweza kuutekeleza jioni ile ile.

Mhakiki aijue pia kazi anayoihakiki. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Hata mchoro mmoja ukitumiwa mara mbili, dakika moja hudai michoro 720. Kumwambia mtu abadilishe kisa baada ya kuchora yote hayo ni kumwambia abomoe nyumba iliyokwisha kuezekwa. Basi tuwaombe wanafunzi watuonyeshe kazi mapema, hadithi ingali maandishi na michoro ya penseli.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wanaisimu. Wanagenzi wengi hutegemea lafudhi za makabila ili kuchekesha. Badala ya kuwakemea, tuwaulize: lafudhi ikiondolewa, kicheko kitabaki? Kisa cha yule bibi kingechekesha kwa lafudhi yoyote, kwa kuwa msingi wake ni tamaa ya utingo iliyomrudia mwenyewe. Huo ndio ucheshi wa kudumu, tena haumdhalilishi mtu.

Hili si suala la mchezo. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, ulitengenezwa hapa Nairobi. Ni ushahidi kwamba kazi hii yaweza kumpa kijana riziki, na kuzipa hadithi zetu uhai mpya.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, ukiletewa katuni usianze na hukumu. Anza na swali: "Ulitaka tucheke wapi?" Mwanafunzi akishapaonyesha mahali hapo, mtafute pamoja kilichokizuia kicheko. Nawe mwanafunzi, ukikosolewa hivyo, rudi mezani ukachore tena.